Sauti Inayoamka Saa Sita

1

Kila siku saa moja na nusu asubuhi redio ya kata ilimpa Subilaga Mwaisaka dakika kumi na tano, na kwa dakika hizo watu wa kilima cha Ilolo, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, waliacha chai zao zipoe. Kipindi chake kilihusu mabongo. Kila nyumba pale kilimani ilikuwa na bongo lake, kisanduku cha ukubwa wa mkate kilichofungwa ukutani, ambacho kilipandisha maji tangini, kilichunga moto wa jiko, kiliwafundisha watoto hesabu na kujibu maswali ya wakubwa. Bongo halikutegemea mitambo ya mbali. Lilifikiri mlemle nyumbani, liliugua mlemle nyumbani, na lilipougua aliitwa Subilaga.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja. Kumi na mitatu kati ya hiyo aliitumia kufungua na kufunga mitambo ya kiwanda cha chai, kisha akarudi kwao Ilolo kumuuguza mama yake, na mama alipofariki hakuondoka tena. Mabongo arobaini na matatu ya kilima kile aliyafunga kwa mikono yake. Hewani alizungumza kama anayeongea na jirani uani. Bongo likigoma, alisema, usilipige. Lizime, hesabu mpaka thelathini, ndipo uliwashe. Ukiishia kumi utakuwa umelisinzisha tu. Usiliweke juu ya jokofu, litashinda linatoka jasho. Likianza kufikiri polepole, lifungue kifuniko ulipulizie kwa pampu ya baiskeli, maana nusu ya ujinga wa mabongo ni vumbi. Na neno la siri usiliandike kwenye karatasi ukaibandika kwenye bongo lenyewe. Alipomaliza, kila siku, aliwaahidi wasikilizaji jambo moja: akigundua lolote kuhusu mabongo yao, watalisikia kwake kwanza.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, kipindi kikielekea mwisho, alipiga simu Mama Bupe. Alisema bongo la nyumbani kwake hufanya kazi nusu siku. Asubuhi ni zito kama jiwe, ikifika adhuhuri linachangamka. Walikuwa wamezoea, lakini sasa Jumamosi wanamtoa binti yao, na wakwe wanatoka Kyela kuja kumchukua saa tatu asubuhi.

Subilaga hakuhitaji kuuliza kwa nini saa tatu ilikuwa tatizo. Mume wa Mama Bupe alikuwa Ambakisye, na hakuna mtu wa Tukuyu asiyemjua Ambakisye. Kwa miaka ishirini alisimama juu ya meza pale sokoni akinadi nguo za mitumba, na sauti yake ilimfanya mtu aliyetoka nyumbani kununua chumvi arudi na koti. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Sauti ilibaki, maneno yakapondeka. Mwaka huohuo kanisa lilimtafutia bongo kuukuu, pamoja na ukanda wa kuvaa shingoni. Ukanda ulisikiliza vile vipande vya sauti, bongo likavifikiria, kisha likasema kwa kinywa safi kile alichokusudia. Lakini lilisema mchana tu.

Kwa desturi yao, baba ndiye husema mlangoni kabla binti hajatoka. Mdogo wake Ambakisye alikuwa amejitolea kusema kwa niaba yake. Ambakisye alikuwa amekataa kwa kutikisa kichwa mara moja tu, na mjadala ukafungwa.

Subilaga alimwambia Mama Bupe anakuja.

2

Alifika saa tatu na begi lake la vifaa. Ambakisye alikuwa ameketi karibu na dirisha, ukanda shingoni, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kazini. Alipomwona fundi akajaribu kumkaribisha. Bongo likasema, "Ka. Kata. Kanda." Akaacha, akamwonyesha kiti kwa mkono wa kushoto.

Subilaga alifanya yote aliyowafundisha watu. Alilizima akahesabu mpaka thelathini. Alipuliza vumbi, akabadilisha waya mmoja uliokuwa umegugunwa na panya, akafuta picha mia tisa za harusi za watu zilizokuwa zimejaza kumbukumbu. Bongo likashukuru kwa taa yake ya kijani, na Ambakisye alipojaribu tena likasema, "Mato. Matandiko." Hapo alijua kosa halikuwa ndani ya kisanduku. Lilikuwa bongo dogo, la zamani, lililopewa kazi ya mabongo ishirini. Ajabu haikuwa kwamba linashindwa asubuhi. Ajabu ilikuwa kwamba mchana linaweza.

Mama Bupe alimzuia asiondoke bila kula. Alikuwa amepika ndizi na nyama, na Bupe mwenyewe, bi harusi, aliweka sahani mezani huku akilalamika kwamba viatu vyake vya Jumamosi vinambana. Saa ya ukutani ilipogonga sita kamili, Ambakisye alimgeukia Subilaga.

"Kula hizo ndizi, fundi, zinapoa," alisema. "Na huyu binti mwambie avae viatu hivyo kuanzia leo akideki. Kiatu kipya ni kama mkwe, lazima mzoeane."

Subilaga alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Aliwahi kusikia kwamba Ambakisye husema mchana, lakini hakuwahi kukaa naye meza moja akisema. Maneno yalikuja kama maji bomba lililoziba linapozibuka. Alisimulia ya sokoni, ya mteja aliyenunua koti akalirudisha kwa kuwa mke wake alikuta barua ya mwanamke mwingine mfukoni, barua iliyoandikwa Ulaya. Katikati ya hadithi akasema, kwa utulivu kabisa, "kwa neema yake aliyetuamsha salama." Bupe akamtania, akamuuliza ameokoka lini. Baba yake akakiri kwamba hajui, kwamba bongo huongezea maneno yake lenyewe. Kuna siku lilisema wafunge mlango ndama asiingie, na hawajawahi kufuga ndama. Wote wakacheka tena.

Halafu akaanza kuzungumzia Jumamosi, na sauti yake ikashuka. Alisema anaogopa kusimama mlangoni kama gogo mbele ya wageni. Kisha bongo likasema, "Basi, Subi, basi."

Mama Bupe alidhani mumewe anamtuliza fundi. Hakuna aliyeshangaa. Subilaga alitazama sahani yake. Maneno yale alikuwa akijiambia mwenyewe, jikoni kwake, milango imefungwa, akiosha kikombe kimoja na sahani moja. Yalikuwa maneno ya mama yake. Hakuwahi kuyasema mbele ya mtu.

3

Jumatano asubuhi, mara tu alipotoka redioni, alijifungia karakanani kwake na kufungua kumbukumbu za mabongo yote arobaini na matatu. Alikuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Alipoyafunga alijiwekea ufunguo wa fundi, neno moja la siri lililomwezesha kuingia katika bongo lolote bila kupanda kilima. Ilimchukua saa mbili kuona kosa, na alipoliona aliona aibu kwamba hakuligundua mapema, maana lilikuwa kosa la Mswahili kabisa.

Kiwanda kilichotengeneza mabongo kilikuwa mbali sana, kwa watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, na tena kuanzia adhuhuri. Kwao, sita ya mchana ni jioni watu wanapotoka kazini, na kumi na mbili ni katikati ya usiku. Kati ya saa hizo mbili, kwa mpango wa kiwanda, mabongo hupumzika: yanashusha ua unaoyatenganisha, yanapashana habari, na lenye kazi nzito huomba nguvu kwa wenzake wasio na kazi. Kisha mtu fulani akayafundisha mabongo Kiswahili, akayafundisha na saa za Kiswahili, akasahau kuuambia ule mpango wa mapumziko. Kwa hiyo kila siku adhuhuri, bongo lilipojitangazia kwamba sasa ni saa sita, mpango ulisikia sita ukadhani jua limezama Ulaya. Ua ukashuka. Saa kumi na mbili jioni ukapanda tena.

Kwa saa sita za kila siku, nyumba arobaini na tatu zilikuwa nyumba moja, na hakuna aliyejua. Bongo dogo la Ambakisye, likiwa na kazi nzito kuliko yote kilimani, lilinyoosha bakuli, na wenzake wakalijaza. Lakini bongo haliwezi kutoa nguvu tupu. Hutoa na mazoea yake, yaani namna linavyotarajia neno hili lifuatwe na lile, na mazoea hayo lilijifunza kwa kuwasikiliza wenye nyumba. Neema ilitoka kwa Mwinjilisti Mwankenja. Ndama alitoka kwa kina Mwaijande waliokuwa wakifuga nyuma ya jiko. Na yale ya jikoni yalitoka kwake.

Dawa ya Jumamosi ilikuwa rahisi mno. Kwa ufunguo wa fundi angeweza kusogeza saa za mabongo yote kwa amri moja, ua ukashuka saa mbili asubuhi badala ya sita, na Ambakisye angesema mbele ya wakwe zake. Jumapili angezirudisha. Watu wangekuta maji ya moto yamekwisha kupoa, wangempigia simu, angewaambia wahesabu mpaka thelathini.

Aliiandika ile amri. Aliisoma mara mbili, haikuwa na kosa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha mwisho. Kisha akaondoa mkono, akachukua koti, akapanda kilima kwenda kwa Ambakisye, akitembea polepole ili saa sita imkute njiani.

4

Aliwaeleza yote, Ambakisye na Mama Bupe, bila kupamba. Ambakisye alisikiliza akiwa ameinama. Fundi alipomaliza, aliuliza swali moja tu, kama ua unaweza kushushwa asubuhi. Subilaga akasema unaweza, na kwamba hakuna atakayejua.

"Basi fanya," Ambakisye alisema. "Ni asubuhi moja. Jumapili nitapita nyumba kwa nyumba niwaombe radhi."

Mama Bupe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na Subilaga aliona jinsi naye alivyolitaka jambo lile. Akawaambia ukweli mwingine, kwamba amri alikwisha kuiandika na kilichobaki ni kitufe. Kisha akawaambia habari ya Jumanne.

"Yale maneno uliyoniambia mezani, ya basi, Subi, basi, ni yangu," alisema. "Najiambia nikiwa peke yangu, tangu mama afariki. Wewe huyajui, kaka. Hukuyasema wewe."

Mkono wa kushoto wa Ambakisye ulipanda mpaka kwenye ukanda, ukaushika kama mtu anayetaka kuufungua, ukaacha.

"Nimeuza nguo miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kumvua mtu aliyevaa."

Akamtazama mkewe, kisha fundi.

"Watangazie," alisema.

Mama Bupe akauliza itakuwaje Jumamosi, watu wote wakiamua kufunga ua. Mumewe akamjibu kwamba Jumamosi itajijua yenyewe. Halafu, kwa kuwa ilikuwa mchana na alikuwa na sauti, akaanza kuuliza ni nyumba gani yenye maneno ya "usimwambie baba yako", maana hayo yalimtoka mara tatu wiki ile, na Mama Bupe akakataza asijibiwe.

5

Alhamisi saa moja na nusu hakutoa dondoo ya vumbi wala ya jokofu. Alieleza kosa la saa tangu mwanzo, akaeleza kinachobebwa ua unaposhuka, akamtaja Ambakisye kwa ridhaa yake mwenyewe, na Jumamosi yake pia. Akakiri kwamba nusura afanye jambo kwa siri. Kisha akawaonyesha jinsi ya kufunga: fungua mipangilio, ingia kwenye saa, zima mstari wa tatu. Aliurudia mstari huo mara mbili ili asiye na miwani asikie.

Kabla ya adhuhuri nyumba ishirini na tisa zilikuwa zimefunga. Mwinjilisti Mwankenja alikuja karakanani mwenyewe, kofia mkononi. Alisema hana neno na Ambakisye, lakini nyumbani kwake watu huja kulia na kusimulia matatizo yao, na maneno yale si yake kuyaazimisha. Subilaga alimshukuru, akamsindikiza nyumbani kuhakikisha, akakuta amezima mstari wa pampu ya maji. Wakauwasha, wakazima ule wa haki.

Wengine walipiga simu kusema hawana cha kuficha. Hao aliwaomba wafikirie pia watoto wao na wageni wao, ambao hawakuulizwa. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka kujua kama kuna maneno yoyote ya nyumbani kwake yaliyosikika kwa Ambakisye, na alipoambiwa hapana alionekana kuvunjika moyo.

Saa sita ilipogonga, Ambakisye alisema kwa kuruka, kama mtu anayevuka mto kwa mawe yaliyo mbalimbali. Akamwambia Mama Bupe asilie. Neno asilie lilichukua muda mrefu kufika.

Alasiri ile Subilaga alikuwa kwa Anyimike, fundi cherehani wa upande wa chini, akikaza ubao wa bongo uliolegea. Anyimike alisema angependa kumwachia Ambakisye nguvu, ila mama mkwe wake amekuja kukaa mwezi mzima, analitumia bongo kutwa, na tayari anajua mambo ya nyumba kupita kiasi. Akauliza kama kuna njia ya kumzuia. Subilaga akamjibu lile alilowajibu watu mara mia: amfungulie ukurasa wa mgeni. Mgeni ana chumba chake ndani ya bongo. Hasikii ya nyumbani, haoni ya nyumbani, ana hata saa yake mwenyewe.

Bisibisi ikasimama mkononi mwake. Anyimike akamuuliza kama amejikata.

Aliacha skrubu mbili hazijakazwa, akarudi kwake mbio. Katika bongo lake akafungua mgeni mpya, asiye na jina, asiyewahi kusikia sauti ya mtu. Akafunga ua wa nyumba kabisa. Akamwachia yule mgeni peke yake ruhusa ya kuazimisha nguvu, kisha akampigia simu Ambakisye na kumwomba aendelee kusema huku yeye akifungua na kufunga. Mgeni mmoja alikuwa tone, lakini aliposhiriki pengo moja katika maneno lilizibika, na kilichoingia humo kilikuwa nguvu tupu. Mgeni hakuwa na mazoea ya kubeba. Hakuwa amemjua mtu yeyote.

Subilaga alikaa sakafuni, simu sikioni, akicheka peke yake, na Ambakisye upande wa pili akawa anamuuliza, kwa kuruka, kuna nini.

6

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Subilaga alisema hewani Ijumaa. "Leo nawaomba mumpe jembe siku ya kwanza."

Akaeleza. Kila anayependa amfungulie bongo lake mgeni, amwachie ruhusa ya kuazimisha, na ua wa nyumba aufunge. Mgeni ana saa yake, kwa hiyo wa juu ya barabara wasogeze saa ya mgeni mbele kwa saa nne, ili afanye kazi asubuhi, na wa chini ya barabara wasiiguse, wafanye mchana. Asiyetaka hana kosa, na hakuna atakayemuuliza. Mwishoni akasema jambo ambalo hakumshirikisha mtu kabla.

"Nimeufuta ufunguo wangu wa fundi katika mabongo yote. Kuanzia leo nikitaka kuingia kwako nitabisha hodi."

Siku ile hakukaa chini. Simu zilimwita kila upande, maana kumfungulia mgeni kulikuwa na hatua saba na ya tano, ya kusogeza saa, ilimchanganya kila mtu. Alipanda na kushuka kilima mpaka magoti yakawaka. Kwa kina Mwaijande walimkaribisha maziwa. Kwa mwalimu mstaafu alikuta wageni sita wamefunguliwa badala ya mmoja, na mwalimu akatetea kwamba nyumba yake ni kubwa. Mama mkwe wa Anyimike ndiye aliyemfungulia mgeni, bila msaada, na akamwambia Subilaga hatua ya tano ameieleza vibaya redioni. Subilaga akaichunguza, akakubali.

7

Jumamosi ilikucha na ukungu mwepesi. Saa mbili asubuhi Subilaga alikuwa amepiga magoti mbele ya bongo la Ambakisye, gauni lake la sherehe limekunjwa lisiguse vumbi. Kwa kuwa hakuwa na ufunguo tena, kitu pekee alichoweza kuona ni namba ndogo pembeni mwa kioo, idadi ya wasaidizi. Ilisema tisa. Ambakisye, suti nyeusi na tai, alijaribu kusema na bongo likatoa maneno mawili na shimo.

Tisa hawakutosha. Alihitaji ishirini. Alitoka nje, akasikia kwa mbali nyimbo za wakwe wakipanda kutoka barabarani, akarudi ndani. Alijiuliza kama watu walibadili mawazo, na akajiambia kwamba wana haki. Kisha akakumbuka hatua ya tano. Akampigia simu mama mkwe wa Anyimike, aliyekuwa ameifanya kwa usahihi, akamuuliza majirani zake wa juu wameweka saa ngapi. Mama yule akaenda kuchungulia nyumba mbili akarudi na jibu. Wameirudisha nyuma kwa saa nne. Wageni wao wangeamka saa kumi alasiri.

Kipindi cha Jumamosi asubuhi kilikuwa cha salamu na miziki. Subilaga alimwomba mtangazaji kwa simu nusu dakika, akapewa katikati ya wimbo.

"Mliorudisha saa ya mgeni nyuma, isogezeni mbele," alisema. "Mbele, ndugu zangu. Kama mtu aliyechelewa harusini."

Akarudi mbele ya kioo. Tisa. Mama Bupe alikuja kusimama nyuma yake, mkono begani mwake. Kumi na moja. Nyimbo zilikuwa zimefika uani sasa, na mtu alikuwa akipiga vigelegele. Kumi na saba. Namba ikakaa, ikakaa tena, kisha ikaruka ikawa ishirini na sita, ikawa thelathini na tatu, na ilipopita thelathini na tano Subilaga alielewa kwamba si watu wa juu ya barabara peke yao. Kulikuwa na mabongo ya kilima cha pili, ambayo hakuyafunga yeye, yaliyokuwa ya watu waliosikia redio tu.

Ambakisye alikohoa. Bongo halikukohoa naye.

"Nifungulie mlango," alisema.

Alisimama kizingitini, Bupe nyuma yake amefunikwa shela. Wakwe walinyamaza. Wengi wao waliambiwa kwamba baba wa binti hasemi, na baba mdogo wa bwana harusi alikuwa tayari amemgeukia mdogo wake Ambakisye kwa heshima, akisubiri yeye aanze.

"Karibuni," Ambakisye alisema, na vichwa vyote vikageuka. Sauti ilikuwa kavu kuliko ya mchana, haina neema wala ndama, haina neno la mtu. "Mimi nilikuwa mnadi. Miaka ishirini nimesimama juu ya meza nikisifia vitu vilivyokwisha kuvaliwa. Leo hapa hapana mnada. Huyu sitamsifia, mtamjua wenyewe. Nawaomba jambo moja tu."

Akapumzika. Namba kwenye kioo haikutikisika.

"Akinyamaza, msidhani hana la kusema. Mngojeeni. Mama yake aliningojea mimi kila siku mpaka saa sita, miaka hii yote."

Mama Bupe aligeuza uso ukutani. Bupe alimshika baba yake kiunoni akasahau shela, na poda yake ikabaki kwenye bega la suti. Mwanamke mmoja wa Kyela akapiga kigelegele kirefu, uani pakachangamka, na watu wakaanza kuchukua mikoba na watoto wakijua hotuba imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ambakisye alikuwa hajasema asubuhi kwa miaka miwili. Aliwakaribisha wakwe mmojammoja, akawatambulisha kwa ndugu zake, akarekebisha ukoo wa mtu aliyekosea jina la babu. Aliisifu kofia ya baba mdogo wa bwana harusi, akakadiria kitambaa chake na nchi kilikotoka. Akasimulia koti lenye barua. Saa nne ilipita, na ndiyo ilikuwa saa ya ibada. Mwinjilisti Mwankenja alipanda kutoka kanisani kuuliza kulikoni, akasimama karibu na Subilaga, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba yake bado imefungwa, asije akadhani vinginevyo. Subilaga akamwambia ni haki yake na amefanya vema. Mwinjilisti akaitikia, akasogea mbele ili asikie mwisho wa koti, na alipousikia akacheka mpaka akafuta macho.

Saa nne na nusu Mama Bupe alimvuta Subilaga pembeni, nyuma ya mlango. Alimuuliza kama hao wageni wa kwenye bongo wana kitufe cha kupunguza maneno. Subilaga akasema kipo, akampeleka kwenye kisanduku na kumwonyesha kilipo, chini ya kioo, kidogo, cha rangi ya kijivu. Mama Bupe aliinama akakitazama kwa makini, akakigusa kwa ncha ya kidole bila kukibonyeza. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na mlango, na kumsikiliza mumewe.